Sukari ya Vidudu

Idara ya Usalama wa Maji ina furaha kuutangazia umma kwamba imepokea sukari safi kuliko sukari zote zilizowahi kuvuka mlango wake. Ndivyo lilivyosema tangazo. Lilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya jengo, wafanyakazi wote tukiwa juani, na sukari yenyewe ikiwa imekalishwa kwenye kiti chini ya mwavuli.

Mwavuli nilishika mimi.

Nijitambulishe. Mimi ni Mhudumu Mkuu wa Chai wa Idara. Nasema Mkuu kwa sababu niko peke yangu. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo mambo haya nitayaeleza jinsi yalivyokuwa. Waliosoma wangeyaeleza vizuri zaidi mpaka usielewe.

Sukari hiyo ilikuja kwenye ndoo nyeupe ya plastiki, mfuniko umezungushiwa utepe. Ni sukari ya maziwa. Maziwa unayoyajua wewe yana sukari yake ndani, na wenye viwanda huitoa, huichuja na kuichuja tena mpaka ubaki unga mweupe mkavu usio na harufu wala taka. Lebo ilisema: kitendanishi cha maabara, usafi wa daraja la juu. Kitendanishi ni kitu unachokitia kwenye kipimo ili kipimo kiseme kweli. Idara yetu ilikuwa haijakizoea kitu cha namna hiyo.

Kazi yake nilielezwa na fundi wa maabara, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, ambaye jengo zima linamwita Mtaalamu kwa kuwa hatuna mwingine. Unachukua mirija ya kioo yenye supu ya sukari ya maziwa. Ndani ya kila mrija kuna kichupa kidogo kilichosimama kichwa chini. Unatia maji unayotaka kuyapima, unaacha kwenye kabati la joto kwa siku mbili. Kama maji yana vidudu vya kinyesi, vidudu vinaila ile sukari.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu vinatoa gesi, kaka. Gesi inapanda, inanaswa kwenye kichupa. Ukiona kipovu, ujue hayo maji yamekutana na choo."

"Kwa hiyo serikali inavilisha vidudu ili ivisikilize vikijamba."

"Nikiandika hivyo kwenye ripoti nitafukuzwa," alisema. "Lakini ndivyo."

Maji yaliyosubiri kupimwa yalitoka kwenye bomba la mtaa wa dada yangu. Bomba hilo limepita ndani ya mtaro wa maji machafu, kwa sababu aliyelilaza aliona kuchimba mara mbili ni ujinga. Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa ameharisha mpaka shingo imebaki kama bua. Anapelekwa zahanati, anapata nafuu, anarudi, anakunywa, anapelekwa zahanati. Kuni za kuchemshia kila tone dada hana. Idara ilikuwa imeahidi kitu kimoja mbele ya mtaa mzima: kipimo kikionyesha uchafu, bomba linahamishwa. Kipimo kikionyesha usafi, jalada linafungwa na bomba linazinduliwa kuwa Bomba la Mfano.

Kwa hiyo ile ndoo chini ya mwavuli ilikuwa imebeba shingo ya mtoto. Mimi nilijua. Wengine walikuwa wanapiga makofi.

Tatizo lilianza na Waraka wa Stahili.

Katika Idara yetu kila kitu kina daraja, kuanzia kiti mpaka sabuni. Kitu cha daraja la juu ni cha wakubwa. Cha kati ni cha wa kati. Sisi wengine tunapata kadiri ya upatikanaji, maana yake hatupati. Na mkubwa haruhusiwi kutumia kitu cha mdogo. Choo cha Mkurugenzi kilipoziba mwaka jana, alikuwa akipanda gari kwenda kukojoa kwake, ng'ambo ya mji, na chetu kilikuwa wazi hatua chache kutoka mezani kwake. Alirudi saa za jioni. Hiyo ndiyo nidhamu.

Mlinzi wa Waraka ni bwana mmoja mfupi mwenye tai ndefu. Tunamwita Itifaki. Ndiye aliyeitisha kikao cha kuipokea sukari rasmi, na mimi nilikuwepo na birika.

"Lebo inasemaje?" aliuliza Itifaki.

"Usafi wa daraja la juu," alijibu Naibu Mkurugenzi, mtu mnene anayekubaliana na aliyesema mwisho.

"Na humu ndani nani ana daraja la juu?"

Wote wakamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akaitazama meza kwa unyenyekevu.

"Samahani," alisema Mtaalamu kutoka karibu na mlango, mahali pake kwa mujibu wa daraja. "Hiyo ni ya vidudu."

"Vidudu vya wapi?"

"Vya kinyesi."

Itifaki akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Ngoja nikuelewe, Mtaalamu. Serikali iagize sukari safi kuliko zote. Ivushwe, ikaguliwe, ilindwe. Halafu ikapewe vidudu vya kinyesi. Na Mheshimiwa hapa anywe chai kwa sukari ya dukani, ile ya kuuzwa kwa kikombe."

"Ndiyo."

"Husikii aibu?"

"Ile haikutengenezwa kwa chai. Haina hata utamu wa maana. Tena watu wazima wengi matumbo yao hayaiwezi. Wakiila kwa wingi inachacha tumboni, inawajaza gesi."

"Watu wazima wa daraja lipi?" aliuliza Itifaki.

Vitabu vya Mtaalamu havikusema.

Ikaamuliwa hivi: sukari ya maziwa ipande meza ya wakubwa. Sukari ya dukani, kwa kuwa sasa imeshuka hadhi, iteremke kwa wafanyakazi wa chini. Vidudu, kwa kuwa havimo kwenye orodha ya watumishi, vipimwe bila sukari.

"Vitakula nini?" Mtaalamu aliuliza.

"Mtumishi mwenye wito hafanyi kazi kwa sababu ya kula," alisema Mkurugenzi, na Naibu akaandika maneno hayo pembeni.

Sasa elewa. Kidudu kisichopewa sukari hakitoi gesi. Hata uchote maji katikati ya mtaro wenyewe. Siku mbili baadaye Mtaalamu alifungua kabati la joto, akakuta mirija imetulia kama watoto wa kambo mbele ya mgeni. Hakuna kipovu. Akapeleka taarifa kwamba kipimo hakijafanyika. Itifaki akaisoma na kurekebisha lugha.

"Kipovu kipo?"

"Hakipo, lakini..."

"Bila kipovu, maji ni safi. Hiyo ni sheria ya kipimo, wewe mwenyewe ulitufundisha."

"Bwana, vidudu havikulishwa."

"Vingekuwemo kwa nia ya kweli vingejitokeza vyenyewe."

Jioni nikaenda kwa dada. Nilimkuta mlangoni, mtoto kamlaza mapajani. Nikamwambia maji yamepimwa, yameonekana safi, na wakubwa wanakuja kuzindua.

Dada yangu ni mkubwa kwangu na hana haraka ya kujibu. Akachota kikombe kwenye ndoo, akaniwekea mbele.

"Karibu maji, mdogo wangu."

Nikayatazama. Yalikuwa na rangi ya chai aliyoisahau mtu.

"Sina kiu, dada."

"Hata wewe huna kiu. Mtaa huu kila mgeni anakuja ameshiba maji. Nenda kawaambie hao wakubwa wako waje na kiu."

Nilikaa kidogo, mtoto akafungua macho akaniomba biskuti. Nilikuwa nayo mfukoni, ya ofisini. Aliishika tu, hakuila. Niliondoka bila kuaga vizuri.

Kule ofisini sukari mpya ilikuwa imeanza kuleta maendeleo. Wiki ya kwanza wakubwa walilalamika kwamba haikolei. Itifaki akaeleza kuwa utamu ni aina ya uchafu, na sukari ikisafishwa vya kutosha utamu nao hutoka. Wakaongeza kijiko. Basi vikao vilivyokuwa vinakula asubuhi nzima vikaanza kuisha upesi. Mtu anasema "kwa muhtasari" mara moja tu na anamaanisha. Madirisha ya ukumbi, ambayo hayakufunguliwa tangu jengo lijengwe, yakafunguliwa yote. Naibu alianza kuchangia hoja akiwa amesimama, karibu na mlango. Ripoti ya robo mwaka ikasema ufanisi umepanda.

Asubuhi ya uzinduzi, Itifaki aliingia jikoni kwangu na agizo. Kwa kuwa siku ni kubwa, stahili ya wakubwa ipande kutoka vijiko viwili mpaka sita kwa kikombe, pamoja na maziwa, na chupa ya chai ifuate mpaka uwanjani.

"Sita?" niliuliza.

"Bwana Chai, wewe si mtu wa maswali. Ndiyo maana tunakupenda."

Akatoka. Mtaalamu alikuwa amekuja kuomba maji ya moto, akasikia yote. Alisimama akinitazama nikipanga vikombe.

"Kaka, hiyo ni nyingi."

"Itawaua?"

"Haiui mtu. Itawasumbua tu. Tumbo litaimba, litavimba, halafu litataka mlango. Kama saa moja hivi, au zaidi kidogo."

Nikapiga hesabu kimya kimya: chai, mwendo wa gari, wimbo wa kukaribisha, hotuba.

"Nipunguze?" nikamuuliza.

Alifikiri. Ni mwanamke mwenye kuheshimu taratibu.

"Uliagizwa nini?"

"Wapewe stahili yao kamili."

"Na mimi niliwaonya kwenye kikao?"

"Nilikuwepo. Uliwaonya."

"Basi mimi ni nani," alisema, akachukua maji yake ya moto akaenda.

Mimi si mtu wa kukaidi agizo. Nilijaza vijiko sita, vya kichuguu, nikakoroga mpaka mkono ukauma. Mkurugenzi alikunywa vikombe viwili. Naibu alikunywa vitatu, kwa kukubaliana.

Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Bomba lilikuwa limefungwa utepe, na mtaro uliokuwa chini yake umefunikwa kwa zulia jekundu. Wakubwa walikaa kivulini na chupa zao za maji kutoka dukani. Mwandishi wa habari alikuwepo, na Mtaalamu naye aliletwa na mirija yake kwenye kisanduku, awe ushahidi. Mkurugenzi akaushika mmoja, akauinua juani, akasimama kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Kuna wanaosema maji haya ni machafu. Sayansi inasema hivi: tazameni kichupa hiki. Hakuna kipovu. Nasema tena, katika maji haya hamna hata..."

Hapo tumbo lake likaunguruma.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kilinunuliwa kwa daraja la juu. Sauti ilianza kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya chumba cha jirani, ikapanda, ikageuka kona, ikaishia kwa mlio mwembamba wa kuuliza. Spika zote nne ziliurudia.

"Mheshimiwa," dada yangu aliita kutoka mbele, na sauti yake haikuhitaji spika, "hicho nacho ni kipovu?"

Mkurugenzi akaendelea kwa ujasiri. "Hata kimoja," alisema, halafu akaweka mkono tumboni, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Nyuma yake Naibu alikuwa ameshasimama na kufungua kifungo cha suruali. Kisha hotuba ikaisha kwa muhtasari.

Choo cha karibu ni kimoja, cha dada yangu, cha shimo, mlango wake gunia. Mkurugenzi alifika mbele yake akasita, maana Waraka ni Waraka. Gari lilikuwa mbali na kwake ni ng'ambo ya mji.

"Itifaki," alisema akiwa ameuma meno. "Tamka."

"Kwa mamlaka niliyopewa," Itifaki akasema kwa haraka ya muuza samaki, "choo hiki kimepandishwa daraja la juu kuanzia sasa."

Mkurugenzi akaingia. Naibu akafuata kwa foleni. Itifaki, ambaye kwa kukaa meza ya wakubwa naye alikuwa amepata vijiko vyake, akamgusa Naibu begani.

"Naibu, nipishe. Mimi ni wa haraka tu."

"Ndugu yangu," Naibu alisema, magoti yamebanana, "choo cha daraja la juu. Wewe daraja lako la kati."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Naibu hakukubaliana na aliyesema mwisho. Itifaki alisimama kwenye ile foleni, tai ameikunja mkononi, akiulinda Waraka mpaka ulipomshinda. Suruali yake ilikuwa ya kijivu. Zaidi ya hapo sisemi, yule ni mtu mwenye familia.

Mkurugenzi alipotoka, dada yangu alikuwa anamsubiri na jagi la maji ya kunawa.

"Karibu, baba. Ni ya bomba letu, yamethibitishwa."

Alinawa. Macho ya mtaa mzima yalikuwa kwake. Mwandishi wa habari akasogea na kalamu.

"Mheshimiwa, viongozi watatu kwa wakati mmoja. Ni nini kimewapata?"

Mtaalamu akasafisha koo, akasema kwa adabu, kama mtu anayejitolea kusaidia, "Tunaweza kujua leo leo. Tupime kila kitu walichotumia. Naweza kuanza na sukari ya chai."

Mkurugenzi akamtazama. Akamtazama mwandishi. Akanitazama mimi, na mimi nilikuwa nimekumbatia chupa ya chai kama mtoto mchanga. Hapo nikaona kwamba mtu huyu hakupewa cheo bure, maana alielewa mara moja kwamba mbele yake kuna milango miwili tu: ama maji ni machafu, ama Mkurugenzi wa Usalama wa Maji amekula chakula cha vidudu vya kinyesi.

"Ni maji," alisema.

"Lakini Mheshimiwa hukuyanywa," Itifaki alisema kutoka nyuma ya ukuta, alikokuwa amejihifadhi. Mpaka dakika hiyo alikuwa bado anataka usahihi.

"Nimenawa," Mkurugenzi akasema. "Nimejionea mwenyewe. Maji haya ni hatari kwa taifa. Bomba hili litoke kwenye mtaro. Litoke leo."

Mwandishi akaandika. Kiongozi akishasema mbele ya mwandishi hawezi kuyarudisha, kama vile yale mengine hayakurudi.

Mashine ya kuchimba ilikuja kabla jua halijatua. Bomba lilihamishiwa upande wa pili wa barabara, likazikwa kwenye udongo mkavu, na zulia jekundu likaachwa pale kwenye mtaro kwa sababu hakuna aliyetaka kulishika. Kiasi cha sukari kilichokuwa kimebaki ndooni kikarudi maabara kimya kimya. Mtaalamu alipima maji ya zamani aliyokuwa ameyahifadhi kwenye barafu, na mirija yote ikatoa vipovu hata kichupa kimoja kikaelea. Akapima maji mapya. Yakatulia, na safari hii yalitulia yakiwa yamelishwa.

Mtoto alianza kwa kuila ile biskuti. Dada alikuwa ameiweka kwenye kopo. Sasa anafukuza kuku na kunitukana nikifika mikono mitupu.

Ilibaki kazi ya kuliweka jambo hili katika taratibu, maana haiwezekani kitu cha daraja la juu kitumiwe na wasio na daraja. Itifaki aliketi siku kadhaa, kwenye mto laini wa kukalia. Waraka mpya umetoka wiki iliyopita: vidudu vya kinyesi vilivyomo katika maabara ya Idara vimepandishwa daraja, na kwa madhumuni ya sukari vinatangulia Mkurugenzi. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti. Tulipiga makofi. Mwavuli nilishika mimi, juu ya mirija.

Sukari ya dukani ilishateremshwa kwetu wadogo, na mkubwa hatumii kitu cha mdogo. Basi sisi tunakunywa chai tamu, walinzi, madereva na mimi. Jana Mkurugenzi alionja yake, akaitazama, akafunga mlango taratibu.

"Bwana Chai," alisema kwa sauti ya chini, "hata kijiko kimoja?"

"Mheshimiwa, andika maombi maabara," nilimwambia. "Wakubwa wakishiba wakabakisha, nitakuletea."